Nusu Mzunguko Kila Alasiri

Nilirudi Kismayu nikiwa mtu mzima, mvi za kwanza zimeshanitoka kidevuni, na mama mkubwa akanipokea mlangoni kama vile nilikuwa nimetumwa sokoni nikachelewa. Nilimshika mkono nikaubusu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Pita ndani, kahawa inapoa."

Basi. Miaka yote ile, ya kambi ya wakimbizi kwanza na ya Mombasa baadaye, ya kulala chali chini ya malori ya watu kule Changamwe hadi nikawa fundi, haikuulizwa hata neno. Nilipewa kikombe cha kahawa ya tangawizi na mahamri, nikaoneshwa chumba cha kulala.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, kifungua mimba wa bibi yetu. Mwaka ule serikali ilipoanguka sisi sote tulikimbia kwa maboti. Yeye peke yake alibaki, katika nyumba ile ya mawe na chokaa si mbali na bandari. Wanaume wenye bunduki walihamia ukumbini kwake zaidi ya mara moja, kila kundi kwa wakati wake, na kila kundi liliondoka lenyewe bila kufukuzwa. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Walikuwa hawapendi kulala hapa," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Alibaki kwa sababu ya mumewe. Baba mkubwa alikuwa na lori la Kitaliano, la silinda nne, bodi ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani. Kabla ya vita alibeba mahindi na ndizi kutoka mashamba ya mtoni. Siku zile za kukimbia alibeba watu: alizunguka mtaa wetu, akajaza lori kina mama na mafurushi, akawateremsha gatini penye maboti, akarudi kuchukua wengine. Mimi nilikuwa katika safari mojawapo. Nilikaa sakafuni kwenye kibanda cha dereva, kati ya miguu ya mama yangu, na chini ya miguu yangu injini ilikuwa ikikohoa. Ilikuwa na kikohozi chake: ikinguruma kidogo, inakatika, inakohoa mara moja kikavu, halafu inakuwa kama imemeza mate, inaendelea. Kwa akili za kitoto niliamini kuna mtu amelala chini ya ubao.

Mama mkubwa ilikuwa apande safari ya mwisho. Alinisimulia mwenyewe, wiki ya kwanza niliporudi, tukiwa tumekaa ukumbini. Ilikuwa alasiri. Alikuwa jikoni akifunga furushi lake. Akasikia lori linaingia bandani, likakohoa, likameza, likazimwa. Akaita. Hakuitikiwa. Akafungua mlango mdogo wa jikoni unaoingia bandani, akaliona lori limesimama mahali pake, boneti ina moto wa kuunguza mkono. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Makubadhi ya mumewe yalikuwa chini ya pedali, yamepangwa sambamba, kama mtu anavyoyaacha anapoingia msikitini. Yeye mwenyewe hakuwapo.

"Nikaenda kwenye lango la barabarani," alisema. "Lilikuwa limefungwa, komeo limetiwa kwa ndani."

Watu walisema mengi. Kwamba aliruka ukuta. Kwamba waliomtaka walimchukua wakafunga wao. Mama mkubwa aliwasikiliza wote, na jibu lake lilikuwa moja.

"Mchu aliyetia komeo kwa ndani, yuko ndani."

Mchu, kwetu, ndiye mtu. Nilikunywa kahawa yangu hadi kwenye machicha.

Banda lile lilikuwa bado liko vilevile, limeegemea jiko: kuta za mawe, paa la mabati, lango kubwa la mbao, mlango mdogo wa jikoni. Lori lilikuwa humo, limekalishwa juu ya mawe. Magurudumu yaling'olewa na wale wa mwanzo, bodi imeliwa na mchwa. Injini haikuguswa. Waliofungua boneti, mama mkubwa aliniambia, waliifunga tena taratibu wakatoka. Mimi nilifungua gereji yangu humohumo, upande wa pili wa lori, nikawa natengeneza bajaji na jenereta za mtaa. Mchana mzima nilikuwa na lile lori mgongoni pangu. Mara nyingi niligeuka nikidhani mteja ameingia.

Kisha akaja binamu yangu kutoka kisiwa cha Chovae. Yeye na nduguze walikuwa wamemaliza kuunda boti kubwa la kubebea watu, maji na wagonjwa, bodi imekamilika, limetiwa rangi, limekaa ufukweni kama kitanda kisicho na godoro. Hawakuwa na injini. Alikuja kuniuliza kama injini ya lori inaweza kutiwa botini.

"Inaweza," nilimwambia. "Itakatwa hapa, itaongezwa pale, lakini inaweza. Kupata injini yenyewe ndiyo kazi."

Mama mkubwa alikuwa ameegemea mlango mdogo. "Ipo," alisema. "Hiyo nyuma yenu."

Nilimweleza kwa adabu kwamba hiyo imeshakufa. Injini ikikaa miaka hiyo yote karibu na bahari, pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu, na hapo hakuna dawa ila nyundo.

"Haijakaa," alisema.

Aliingia ndani, akarudi na spana kubwa iliyochomekwa bomba refu la chuma kama mkono wa ziada. Kila alasiri, akishaswali, alikuwa akiitia spana ile kwenye nati ya mbele ya injini na kuizungusha nusu mzunguko. Baba mkubwa alikuwa akisema kila siku kwamba injini isiyozunguka hufa. Na kila mwezi mwandamo alikuwa akiitilia kwa juu vijiko vya mafuta ya ufuta, kwa sababu oili ilikuwa haipatikani. Amefanya hivyo tangu alasiri ile. Bunduki zikilia barabarani, yeye anazungusha.

"Lakini Ramadhani iliyopita bega likanifa," alisema. "Nimeacha. Ndiyo nasema ichukuliwe. Ikae kazini, isinifie mikononi."

Binamu yangu alinitazama, na mimi nikatazama injini. Fundi yeyote atakwambia mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya chuma. Nilipokea spana, nikaitia, nikajipanga kwa nguvu zangu zote, na nusura nianguke. Injini ilizunguka laini, kama kinu cha kahawa.

"Subiri," mama mkubwa alisema. Alikuwa ameinama, anatazama puli ya mbele. "Rudisha ilipokuwa."

Nikarudisha. Penye puli kulikuwa na mstari wa chokaa. Mama mkubwa alikuwa ameuchora mwenyewe ili ajue alipoachia: leo mstari juu, kesho chini. Siku aliyoacha, bega lilipomshinda, mstari ulikuwa juu. Alikuwa na uhakika, kwa sababu siku ile alilia, akaufuta vumbi kwa upindo wa leso.

Mstari ulikuwa chini.

"Wewe uliigusa?" aliniuliza.

"Ndiyo kwanza leo."

Aliutazama mstari tena. Kisha akaichukua spana mkononi mwangu akarudi nayo jikoni, na sikuiona tena.

Tuliinyanyua injini siku chache baadaye kwa mnyororo na boriti, mimi na binamu yangu, tukaiweka juu ya meza ya magogo katikati ya banda, kisha yeye akarudi Chovae. Nikaanza kuifungua. Nilitarajia gundi, kutu, mizoga ya mijusi. Nilipoinua kichwa cha silinda, kuta za ndani ziling'aa hadi nikaona uso wangu ndani yake mara nne. Harufu iliyotoka ilikuwa ya ufuta uliokamuliwa asubuhi ileile.

Hata hivyo kazi ilikuwepo. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Nozeli za dizeli zilikuwa zimeziba. Mhimili mdogo unaofungua na kufunga valvu ulikuwa umelika upande mmoja, na hapo nikaelewa kile kikohozi: silinda moja ilikuwa inakosa pumzi kila mzunguko. Nilifurahi sana kukielewa. Niliupeleka mhimili ule kwa mkereza chuma mmoja karibu na bandari, mtu mzima, Msomali wa bara, mwenye mashine ya kukerezea. Aliusawazisha vizuri ajabu. Nilipomwomba aje nyumbani apime mahali pa kuunganisha gia ya boti, akauliza nyumba ipi. Nikamwelekeza.

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi nitafanyia kazi hapa," alisema. "Wewe niletee vipimo."

"Si mbali, walaal," nilimwambia, yaani ndugu yangu.

"Najua si mbali. Nimelala ukumbini hapo nilipokuwa kijana. Tulikuwa kundi." Alitazama pembeni. "Kila alasiri tulimsikia mwanamume anasafisha koo ndani ya banda. Tukifungua, hakuna mtu ila yule mama na spana yake. Yeye hakuwa akikohoa. Tulimwangalia mdomo."

Nilirudi nyumbani na mhimili wangu umefungwa kwenye gazeti, na siku ile sikufanya kazi tena.

Tatizo lililonitisha zaidi kuliko maneno ya yule mtu nililitengeneza mwenyewe. Krenki, yaani mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, hushikiliwa na vifuniko vitano vya chuma. Kila kifuniko kimechongwa pamoja na mahali pake, na ukivibadilisha nafasi, krenki hukaza, na ukiwasha inajila yenyewe. Nilikuwa nimevitia namba kwa rangi nilipovifungua. Kisha nikaviosha kwenye karai la petroli, na petroli ikala rangi. Nilipoingiza mkono na kuvitoa vilikuwa vitano, vyote ndugu, hakuna chenye jina.

Nilivigeuza asubuhi nzima. Nilivijaribu kwa kubahatisha na kila mara krenki ilikaza. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilivirudisha karaini vyote kwa hasira, nikatia komeo lango, nikapitia jikoni, nikafunga mlango mdogo kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Mama mkubwa hakuwapo, alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Nikaenda msikitini.

Niliporudi, jua lilikuwa bado liko utosini. Nilifungua kufuli, nikaingia. Vifuniko vilikuwa juu ya gunia, mbele ya injini, vimepangwa mstari mmoja, vyote vimekauka. Karai la petroli lilikuwa limetulia, hakuna tone sakafuni. Komeo la lango lilikuwa mahali pake.

Nilisimama. Mabati yalikuwa yakialika kwa joto. Sikuogopa mara moja, hofu ilikuja baadaye. Nikafanya lile ambalo mtu hufanya akiingia penye mwenyewe.

"Asalaam alaykum," nilisema.

Hakuna aliyeitikia, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nikapiga magoti, nikakichukua cha kwanza upande wa kulia, nikakifunga, kisha kinachofuata, kama vilivyopangwa. Nilipokaza nati ya mwisho nikasukuma krenki kwa kidole kimoja. Ilizunguka, ikaendelea kuzunguka kidogo hata nilipouondoa mkono.

Jioni nilimwuliza mama mkubwa kama ana ufunguo mwingine wa mlango mdogo. Hakuwa nao. Na hata angekuwa nao, magoti yake hayakuwa ya kupigwa sakafuni, hata swala alikuwa akiswali kitini. Nilimweleza niliyoyakuta. Alikuwa anamenya vitunguu, hakusimamisha kisu.

"Alikuwa hapendi vyombo vyake vikae ovyo," alisema.

Nilitaka kumwambia tusome dua, tuite masheikh. Lakini nilipomtazama niliona kwamba anatabasamu, na kwamba sijawahi kumwona akitabasamu tangu nirudi. Nikavuta kiti, nikamsaidia vitunguu.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayefanya kazi chini ya macho ya fundi mkuu. Sikutupa spana chini. Sikusema ovyo. Injini ya lori hupozwa na upepo wa feni, na baharini feni haina maana, kwa hiyo niling'oa feni na rejeta, nikatengeneza mabomba ya shaba yatakayopita nje ya boti kandokando ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, maji matamu ya injini yazunguke humo na kupozwa na bahari bila kuchanganyika nayo. Bakuli la oili nilililaza na kuliongeza kina, kwa sababu lori hupanda kilima mara mojamoja lakini boti hupanda na kushuka siku nzima, na oili ikikimbilia nyuma pampu hunyonya hewa. Bomba la moshi nililivalisha koti la pili la chuma lenye maji ndani, lisije likaunguza mbao. Mkereza chuma alinikatia bamba nene la kuunganisha gia ya boti, akaniletea hadi kona ya mtaa, akaliweka chini, akaniita kwa simu nije nilichukue.

Yalikuwepo mambo madogo. Nuru ya jua iliyopenya matundu ya mabati ilikuwa ikikatika ghafla juu ya meza, kama mtu amepita, na juu ya paa hakuna ndege. Paka wa jirani walikuwa wakija hadi kizingitini, wanaketi wakitazama mahali pamoja, ubavuni pa lori, hawaingii. Na kila alasiri, baada tu ya swala, chuma kilikuwa kikilia mara moja ndani ya injini, tiki, hata ilipokuwa tupu, haina pistoni. Nilijiambia ni joto linashuka. Ni kweli joto hushuka alasiri. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuacha kazi kabla ya alasiri.

Siku ya kuiwasha binamu yangu alikuja kutoka Chovae na mkewe. Ilikuwa asubuhi, kweupe. Tulifungua lango kubwa mbao zote mbili ili moshi utoke, tukaifunga injini mezani kwa minyororo, tukaitilia maji kutoka pipani. Kila kilichokuwa kibovu kilikuwa kimebadilishwa: ringi mpya, nozeli mpya, mhimili umekerezwa, silinda zote nne zinapumua sawa. Bomba la moshi si lile, gia si ile. Nilikuwa na hakika kwamba itatoa sauti mpya kabisa.

Niligusa nyaya za betri. Ikajivuta, ikashika, ikanguruma. Binamu yangu akapiga kofi. Kisha injini ikakatika, ikakohoa mara moja, kikavu, ikameza, ikaendelea.

Nilihisi nywele za mikononi zinasimama. Nilipunguza mafuta, nikaongeza, nikagusa nozeli moja baada ya moja. Ilikohoa tena. Ikameza. Sikuwa nimesikia sauti ile tangu nikiwa sakafuni kati ya miguu ya mama yangu.

Barabarani watu walianza kusimama. Si vijana, vijana walipita. Waliosimama ni wale wa zamani, wachache waliobaki au waliorudi: mzee wa duka la vitambaa, mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake. Walikuja hadi langoni wakasimama kwenye mstari wa kivuli, hakuna aliyevuka. Ajuza wa Kisomali wa nyumba inayotukabili alitoka bila viatu, shungi linamdondoka, anakimbia kama anavyoweza kukimbia mtu wa umri wake.

"Ma soo noqday?" aliniuliza. Amerudi?

"Hapana, mama," nilimjibu kwa Kisomali. "Ni injini tu. Nimeitengeneza."

Hakuniamini. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mama mkubwa alikuwa ameingia kwa mlango mdogo. Alikuwa amevaa leso zake mpya na ametia wanja, kama anayekwenda harusini. Alikuja polepole hadi mezani, akauweka mkono wake wa kulia juu ya injini. Nilitaka kumwambia ina moto. Hakuonekana kuusikia moto.

Alizungumza nayo. Au alizungumza naye. Injini ilikuwa ikinguruma na mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia.

"Watu wote walifika," alisema. "Hukuacha mchu. Huyu hapa kijana uliyempeleka, amerudi ana mvi. Mimi sikwenda kwa sababu sikutaka kwenda, wala si wewe uliyechelewa. Umesikia? Hukuchelewa."

Injini ikakohoa.

"Nimekuwia radhi duniani na akhera," alisema mama mkubwa. "Lango liko wazi. Nenda."

Ikameza. Na kuanzia hapo ikanguruma sawasawa, mfululizo, bila kukatika, sauti ya injini yoyote iliyotengenezwa vizuri. Nilisubiri kikohozi. Tulisubiri sote, na wale wa langoni wakasubiri. Hakikuja. Hakijaja tena hadi leo, na nimeiendesha injini hiyo masaa ambayo siwezi kuyahesabu. Baadaye niliifungua tena nitafute nilichokiharibu au nilichokitengeneza bila kujua. Sikukuta kitu.

Langoni yule ajuza aliweka mkono wake kifuani, akasogea pembeni, hatua moja, kama anayempisha mtu. Kisha akaanza kulia. Mama mkubwa alikwenda akamshika bega, na wakaondoka pamoja kuingia nyumbani kwa ajuza, bila kutuaga.

Jioni ile mama mkubwa aliniita.

"Nitakaa eda," alisema.

Nilikaa chini. Eda ya mume hukaliwa mume akifa, na kwa miaka yote ile hakuna aliyethubutu kumwambia mama mkubwa kwamba mumewe amekufa. Hajawahi kuvaa nguo za kufiwa, hajawahi kusomewa khitima. Alikuwa amekaa tu, si mke si mjane.

"Itabidi tumwendee kadhi," nilimwambia.

"Tutamwendea."

Tulimwendea. Kadhi alikuwa mtu mpole. Alimwuliza alipopotea mumewe, nani alimwona mara ya mwisho, waliotafuta walitafuta wapi. Alimwambia kwamba hukumu hiyo angeweza kuipata zamani sana, na akamwuliza ni nini kimemleta sasa. Mimi nilidhani atamweleza habari za komeo na chokaa na vifuniko. Hakueleza lolote kati ya hayo.

"Ameondoka nyumbani, sheikh," alisema. "Nimemsikia akiondoka."

Kadhi alitazama mikono yake kidogo, kisha akahukumu mumewe ahesabiwe marehemu.

Hakutaka kukalia eda katika nyumba ile. Alitaka Chovae, alikozaliwa. Injini ilikuwa imeshashushwa botini, mabomba yamefungwa, boti limeshajaribiwa, na safari yake ya kwanza ya kubeba watu ndiyo iliyombeba yeye. Binamu yangu alishika usukani, mimi nilichuchumaa ndani karibu na injini nikisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Mama mkubwa alikaa juu ya jamvi, amevaa nyeupe, kisanduku chake mapajani. Kulikuwa na mbuzi wawili, mapipa ya maji, na mwanamke mwenye mtoto mchanga aliyekuwa akitoka hospitali. Tulipokiacha kichwa cha gati alinyoosha shingo akatazama mji, mara moja, kama mtu anayekagua kama amefunga dirisha. Halafu akaomba achukue yeye yule mtoto, mama yake apumzike.

Nilimtembelea mara nyingi wakati wa eda. Alikuwa katika chumba cha ndani, nyumbani kwa binamu yangu, chumba cheupe chenye dirisha dogo. Nilimletea dawa ya bega na unga wa ngano. Mara ya kwanza nilimkuta amelala, saa ya asubuhi. Mke wa binamu yangu alinizuia nisimwamshe.

"Analala sana," alininong'oneza. "Tulidhani mgonjwa. Akiamka anakula, anazungumza, kisha analala tena. Anasema ana usingizi wa kulipa."

Nilikaa mlangoni nikamtazama. Usoni alikuwa ameachia kila kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa wazi juu ya mto, kiganja juu, na katikati ya kiganja kulikuwa na jeraha la kuungua, limeanza kupona.

Eda ilipokwisha hakurudi Kismayu. Alisema nyumba ni yangu sasa, nioe, nitie watoto. Amefungua biashara ya kukaanga samaki na anagombana na kila mtu kuhusu bei ya mafuta. Nimeliuza gofu la lile lori kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalivuta kwa kamba hadi barabarani. Banda limekuwa kubwa. Naingiza magari matatu kwa wakati mmoja, nina vijana wawili wa kazi, redio inapiga kutwa. Paka wanaingia, wanalala chini ya magari, na alasiri inapita bila mimi kuitambua mpaka nisikie adhana ya magharibi.